Wasomaji Wanauliza: Picha za Bibi Zimegandana

*Shikamooni wahariri. Bibi yetu amefariki, na chini ya kitanda chake tumekuta sanduku la bati lenye picha zaidi ya 200. Nyingine zimegandana, nyingine zimo kwenye albamu ya kurasa za gundi. Wadogo zangu wanataka tuzimwage mkekani tuzipange kwa sura za watu. Tuanzie wapi? – Mjukuu, Nyakato*

Poleni sana kwa msiba. Tafadhali msizimwage. Namna bibi alivyoziweka ni habari tosha: picha zilizofungwa kamba moja mara nyingi ni za shughuli moja, na sura msiyoijua mtaijua kwa wale iliyokuwa nao.

Chukueni daftari. Fungu la juu liwe namba 1, linalofuata 2, hadi chini. Picha za ndani ziwe 1/1, 1/2 na kuendelea. Kabla ya jambo lingine, pigeni kila picha kwa simu, mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio, tarehe na salamu za aliyeitoa. Namba iandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 4B. Kalamu ya wino hukandamiza karatasi, na alama hutokeza upande wa mbele, hata usoni mwa mtu. Picha nyingi za rangi zina mgongo wa plastiki usioshika penseli. Hizo andikieni bahasha ya karatasi kwanza, ndipo mtie picha.

Sasa zilizogandana. Uso wa picha ya studio una jelatini, protini itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama. Unyevu huilainisha, ikikauka hunata kama gundi. Mkivuta, sura ya mtu itabaki mgongoni mwa picha nyingine. Lowekeni kwenye beseni la maji safi ya baridi kwa nusu saa, kisha jaribuni pembe moja kwa kidole. Maji yasiwe ya uvuguvugu, jelatini itayeyuka. Anzeni na zile zenye nakala nyingine. Zikiachia, zisuuzeni na kuzilaza kivulini juu ya kitambaa cha pamba, uso ukitazama juu. Zisipoachia baada ya saa moja, ziacheni. Heri picha mbili zilizogandana kuliko vipande. Za Polaroid na zilizochapwa kwa printa ya wino zisiguse maji kabisa, na wino ulioandikwa mgongoni unaweza kuchuja, ndiyo maana tulisema mpige nyuma kwanza.

Kwa albamu ya gundi, pitisheni uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kama mtu anayekata mche wa sabuni kwa waya. Ukigoma, pigeni ukurasa mzima na muuache ulivyo.

*Nina picha ya marehemu baba akiwa gatini Mwanza, meli nyuma yake. Haina tarehe. Nitaujuaje mwaka? – Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Ikuze picha usome jina la meli. MV Victoria ilianza kazi 1961, kwa hiyo picha yenye meli hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ikiwa ni MV Bukoba, iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, picha ni ya kabla ya 21 Mei 1996, siku ilipozama. Fulana au khanga ya CCM haiwezi kuwa ya kabla ya 5 Februari 1977, chama kilipozaliwa.

Tazama na maji. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa takriban mita 2. Kama mawe yanaonekana, kwa mfano Jiwe la Bismarck, linganisha na picha nyingine ambazo mwaka wake unajulikana. Usitegemee maji peke yake, maana yalishuka tena baadaye.

Mavazi yanahitaji tahadhari zaidi. Suruali ya pekosi, yaani iliyopanuka chini, na viatu vya raizoni, vya soli nene, vinaelekeza miaka ya 1970, lakini nguo nzuri ilitunzwa miaka mingi, na koti la studio lilivaliwa na kila mteja. Nguo hukuambia picha si ya kabla ya lini. Haikuambii si ya baada ya lini.

*Mama ana miaka 81. Nikimwonyesha picha anasema "sikumbuki" na anachoka. Nifanyeje? – Binti yake, Kirumba*

Dada, acha kumuuliza "huyu ni nani?" Swali hilo ni kama mtihani. Muulize: hapa ni kwa nani? Palikuwa na shughuli gani? Nani alipika? Jina huja likifuata mahali. Keti naye asubuhi, picha zisizidi 10, simu ikirekodi mezani.

Uandike majina yote ya mtu mmoja: la ubatizo, la Kisukuma, na la mtoto wake, kama Mama fulani. Picha ikiandikwa "Ng'wana Masanja", maana yake ni mwana wa Masanja, na Masanja anaweza kuwa na wana saba.

*Picha nikizituma WhatsApp kwa ndugu zinakuwa na ukungu. – Msomaji, Igoma*

Zitume kama faili, si kama picha. Zikienda kama picha hupunguzwa ukubwa. Ukienda kuskani, omba dpi (nukta kwa kila inchi) 600 kwa picha za pasipoti na 300 kwa za ukubwa wa postikadi.