Mbona nikishamweleza rafiki, uchungu unarudi?

SWALI: Nikiudhika au nikiingiwa na hofu, humpigia rafiki yangu. Tukizungumza napata ahueni, lakini kabla sijalala yale yale yamenirudia, wakati mwingine kwa nguvu zaidi. Kumweleza mtu kunasaidia kweli, au najidanganya?

JIBU: Hujidanganyi, ila unapata nusu ya dawa. Msaada wa mtu wa karibu una kazi mbili, na kufanyika kwa ya kwanza si kufanyika kwa ya pili.

Ya kwanza ni kuutuliza mwili. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake walichapisha jaribio lililohusu wanawake 16 walioolewa. Wakiwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, walionyeshwa alama ya kuwatahadharisha kwamba huenda wakapigwa shoti ya umeme. Waliposhika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazoitikia hatari zilipoa. Mkono wa mtu wasiyemjua ulisaidia kwa kiasi kidogo. Wenye ndoa ya maelewano zaidi ndio waliopoa zaidi. Na hapo hakuna aliyepewa ushauri wowote.

Kazi ya pili ni kulitazama upya jambo lenyewe, na hiyo hutegemea gamba la mbele la ubongo. Hofu ikipanda sana, sehemu hiyo hulegea, ndiyo maana nasaha za dakika ya kwanza haziingii. Kotisoli, homoni ya msongo, nayo hufika kileleni takriban dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza, kwa hiyo usijipime mapema kama umetulia.

Basi anza kwa kumwambia rafiki, "Kwa sasa nisikilize tu." Itaje hisia kwa jina lake: aibu, wivu, hofu, hasira. "Sijisikii vizuri" haitoshi. Kuipa hisia jina hupunguza msisimko wa amigdala, kengele ya hatari ya ubongo. Simulia mara moja, mwanzo hadi mwisho. Pumzi ikishatulia, mgeuze rafiki awe wa kukuhoji: aliyekuwa pembeni angelielezaje tukio hili? Kesho kipi kiko ndani ya uwezo wangu?

Wengi hukwama hapa. Husimulia mara ya tatu, na rafiki mwema anachochea: "Huyo alikukusudia!" Katika jaribio la Frédéric Nils na Bernard Rimé la mwaka 2012, watu walitazama filamu ya kuhuzunisha kisha wakazungumza na msikilizaji. Waliopewa pole tu walihisi ukaribu, lakini huzuni ilibaki. Walioongozwa kuifikiria upya ndio waliopata nafuu. Ukijisikia unarudia kisa kile kile kwa maneno makali zaidi, katiza hapo hapo.

SWALI: Dada yangu yuko mbali. Ujumbe wa maandishi unatosha?

JIBU: Ukiwa unatetemeka, piga simu. Leslie Seltzer na wenzake waliwapima wasichana wa miaka 7 hadi 12 baada ya kuwapa kazi ya kuhutubia na kukokotoa hesabu mbele ya watu. Sauti ya mama kwenye simu ilishusha kotisoli na kupandisha oksitosini, homoni ya ukaribu. Ujumbe wa maandishi haukufanya hivyo. Hao walikuwa watoto na mama zao, si watu wazima, lakini kupiga simu hakuna hasara. Maandishi yafae kupanga muda wa kuzungumza.

SWALI: Mume wangu anajiandaa na mtihani wa kazi. Nikimsaidia, ananuna. Nimekosea wapi?

JIBU: Pengine msaada wako unaonekana mno. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watahiniwa wa uwakili New York na wenza wao, kila mmoja akiandika shajara kila siku. Msaada uliofaa zaidi ulikuwa ule ambao mwenza aliandika kwamba ameutoa, lakini mtahiniwa hakuandika kwamba ameupokea. Mpunguzie shughuli moja ya nyumbani kimyakimya, na usimuulize kila saa anaendeleaje. Ukisema "nimekufanyia hili usihangaike," umeshamkumbusha kwamba anahangaika.