Shangazi, mke wangu kagoma kuchangia kumbukumbu ya mama

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 47, naishi Tabata, Dar es Salaam, kitindamimba kati ya watoto sita. Mama yetu alifariki mwaka jana kwetu Muheza, Tanga, akiwa na miaka 86, ameacha wajukuu na vitukuu tele. Mwezi ujao tunafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja na tunataka iwe ya heshima: ibada, kujengea kaburi, sare, MC, mpiga picha wa droni na chakula cha watu mia tatu. Kila mtoto atoe milioni mbili. Nimemwomba mke wangu akope kwenye kikoba chake, kakataa katakata, eti mama hakuwa mtu wa makuu. Dada zangu wanasema hakumpenda mama tangu zamani. Ni kweli alikaa naye kijijini mwaka na zaidi wakati wa ugonjwa, mimi nikibanwa na kazi, ila nilikuwa natuma hela kila nilipojaliwa. Lakini siku ya mazishi, nikiwa nasoma historia ya marehemu, alinyanyuka akatoka nje ya kanisa. Sasa kang'ang'ania daftari la mama, eti mama mwenyewe kampa. Ndani ni madeni ya vitumbua tu na tarehe za kuzaliwa wajukuu, mwandiko wa mama mwenyewe, ila dada zangu wanalitaka liwe la ukoo. Nakutumia na hiyo historia uone kama ina ubaya. Nimfanye nini huyu mwanamke?

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba. Mama hana mbadala, hata uwe umeota mvi kichwa kizima.

Sasa tuseme. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisoma yale yaliyokuponyoka. “Kila nilipojaliwa.” Hilo neno wanawake wa nchi hii tunalijua, maana yake tunaijua, na hela yake tunaijua pia. Mkeo kakaa na mkwewe, samahani, na mama yako mzazi, mwaka na zaidi. Kamwogesha, kamgeuza kitandani usiku, kafua mashuka kabla majirani hawajaamka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na katika barua yako yote sijaona dada hata mmoja aliyekwenda kumpokea zamu. Leo ndio wanaopima nani alimpenda mama na nani hakumpenda?

Tuje kwenye hiyo historia, maana ndiyo iliyonikera kuliko vyote. Ukurasa mmoja, na nusu yake ni presha, sukari na gari lililompeleka hospitali. Uzima wake wote umeupa mistari mitatu: alizaliwa, aliolewa, alikuwa mkulima. Kisha ukaandika, “Marehemu hakubahatika kupata elimu.” Wewe wewe unaniambia daftari ni mwandiko wa mama mwenyewe. Mwandiko huo ulitoka wapi, baba? Ulianguka na mvua za masika?

Nitakwambia ninavyodhani, kwa sababu wa rika lake nimewaona. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wazima wawili katika kila watatu hawajui kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mama yako alikuwa na miaka thelathini na kidogo, ana watoto, ana shamba, ana mume wa kumpikia. Wenzake walitoka kulima, wakaivisha ugali, wakamfunga mtoto mgongoni, wakaenda kukaa kwenye madawati ya watoto wao au chini ya mwembe, kuandika a, e, i, o, u kwa mkono uliozoea mpini wa jembe. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa kisomo nchi nzima. Wewe hata hujazaliwa.

Umeandika pia kwamba alikuwa na msemo wake, “mtu ni afya,” akiwaambia kila mkisahau kunawa. Msemo wake? Mtu ni Afya ilikuwa kampeni ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zinazofuga mbu. Mama yako aliibeba kampeni hiyo mdomoni miaka hamsini, na wewe ukadhani ni vituko vya bibi kizee.

Hapa sikulaumu peke yako. Sikilizeni historia zinazosomwa misibani. Akifa mwanamume, alijiunga na TANU mwaka fulani, akawa balozi wa nyumba kumi, akawa mjumbe wa bodi ya ushirika, hata kadi ya chama inatajwa namba. Akifa mwanamke, “mkulima na mama wa nyumbani,” kisha maradhi, kisha idadi ya wajukuu, Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ada za ninyi sita nani alizitoa pale mkonge ulipoporomoka bei na mashamba ya Tanga yakaanza kuota vichaka? Kitumbua si kitu cha kutajwa tu kwa “madeni.” Mchele unalowekwa jioni, saa kumi za alfajiri unatwangwa au unasagwa, nazi inakunwa, tui linakamuliwa, unga unakorogwa na hamira na iliki, unaachwa uumuke, ndipo chuma kiwekwe motoni na kila tundu lipate tone lake la mafuta. Kazi hiyo akaifanya akiwa na nguvu, na kwa jinsi madeni yalivyobaki daftarini, akaifanya mpaka uzeeni.

Kwa hiyo mkeo hakutoka kanisani ili akuaibishe. Alimjua marehemu, na uliyekuwa unamsoma pale mbele hakuwa yeye. “Hakuwa mtu wa makuu” ni sentensi bora kuliko zote ulizonitumia, na imetoka kwake.

Na ndoa zenu za siku hizi! Mwanamume mama yake akianza kuanguka, anampakia mkewe kwenye basi kama gunia la mchele, ampelekee huruma yake kijijini. Mama akishafariki, yeye ndiye mfiwa mkuu, yeye ndiye anashika kipaza sauti. Juu ya hapo unamtaka akope kwenye kikoba, chenye riba na wanawake wenzake wakiwa wadhamini, ili droni iruke juu ya kaburi? Kikoba hicho ndicho kilichomhifadhi wakati wewe unangoja kujaliwa.

Fanya hivi. Ibada iwepo, kaburi lijengewe, majirani wa Muheza wale wali washibe. MC, droni na sare futa. Dada zako wakinuna, wanune. Kabla ya siku hiyo nenda nyumbani na mkeo, kama atakubali kufuatana nawe, ukae na vikongwe waliobaki wa rika la mama. Rekodi kwa simu. Uliza walisomea kisomo wapi, nani alikuwa mwalimu wao, nani alifanya vibarua vya mkonge, nani alimkopesha mama mchele alipoanza biashara. Nenda mapema, hao nao wana miaka themanini na ushei. Wajukuu mnaowalipia shule wapewe kazi ya kuandika.

Historia mpya iandike ukiwa umekaa na mkeo, yeye anasema, wewe unaandika. Akitaka kuisoma yeye, mpe. Asipotaka, usimbembeleze mbele ya mawifi zake. Wadaiwa wa vitumbua wasameheni siku hiyo kwa ujumla, bila kutaja majina. Nahisi mama yako angewataja, ila ninyi msithubutu.

Daftari linabaki kwa mkeo, kapewa na mwenyewe. Dada zako wana simu za kamera, wapige picha.