Shilingi imeshuka, imeshushwa, au imepanda?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nimesoma habari mbili za jambo lile lile. Moja inasema "Shilingi yashuka thamani", nyingine "Shilingi yashushwa thamani". Mimi naona ni yale yale, ila mwenzangu kazini anabisha. Nani kati yetu amepatia? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Amepatia mwenzako. Kinachoshuka kinaweza kushuka chenyewe. Kilichoshushwa kina mtu aliyekishusha, hata kama mwandishi amemficha. Juni 1986 bei ya dola moja Tanzania ilitoka takriban shilingi 17 ikawa 40. Hapo shilingi ilishushwa, na aliyeishusha anajulikana: Serikali ya Rais Mwinyi, baada ya miaka ya mvutano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mvutano huo ndio uliomfanya Edwin Mtei aache uwaziri wa fedha mwaka 1979, maana Mwalimu Nyerere hakutaka masharti yao, na kushusha thamani ya shilingi lilikuwa mojawapo.

Zama hizo bei ya dola ilipangwa ofisini. Siku hizi mabenki yanauziana dola, kisha Benki Kuu inatangaza wastani wa bei walizouziana. Korosho na dhahabu zikiuzwa nje, watalii wakijaa Zanzibar, dola zinapatikana na shilingi inapata nguvu. Waagizaji wa mafuta wakizigombania, inashuka. Benki Kuu nayo huingia sokoni, inanunua au inauza dola, lakini hiyo bado si sawa na kuamua bei kwa tamko. Kwa hiyo anayeandika "yashushwa" anamtuhumu mtu, na awe tayari kumtaja.

Swali lako limekwisha. Sasa niruhusu nitoe dukuduku langu, kwa sababu hao waliokuchanganya wewe ni wachanga. Wapo wakubwa zao wanaoandika hivi: "Shilingi yapanda hadi 2,700."

Mwaka 2024 dola ilipokaribia shilingi 2,700, nilikutana na sentensi za namna hiyo hadi nikaacha kuzihesabu. Ukisoma mwanzo unafurahi: shilingi yapanda! Ukifika kwenye namba unagundua umefiwa. Aliyepanda ni dola. Ile 2,700 ni bei yake, kama 5,000 inavyokuwa bei ya sado la nyanya. Nyanya zikitoka 3,000 zikafika 5,000, hakuna mama wa sokoni anayetangaza kwamba shilingi imepanda hadi 5,000. Atasema nyanya zimepanda, na wewe mnunuzi utajua pesa yako imepungua nguvu bila kufafanuliwa. Mhariri mwenye shahada mbili anashindwa na mama huyo kwa jambo dogo kabisa: kiima cha sentensi. Mwenye bei ndiye apande. Ukitaka lazima kuanza na shilingi, basi sema imeshuka, imedhoofika, imeporomoka. Kiswahili hakijakunyima vitenzi.

Halafu ikaja asilimia. Rudi kwenye 17 na 40. Bei ya dola ilipanda kwa asilimia 135 hivi. Mwandishi wetu anaichukua hiyo hiyo 135 na kuandika kwamba shilingi ilishuka kwa asilimia 135. Ndugu yangu, kitu kikishuka kwa asilimia 100 kimekwisha. Hizo 35 zilizozidi zimeshukia wapi, kaburini? Shilingi ilipoteza kama asilimia 57 na nusu. Ni hesabu mbili tofauti, kwa sababu moja inaanza kwa dola na nyingine inaanza kwa shilingi.

Wakenya walionja upande wa pili. Mapema 2024 dola ilikuwa karibu shilingi zao 160, watu wakihofia hati fungani, yaani deni la Serikali yao, ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni. Februari Serikali ikakopa upya na kununua sehemu kubwa ya deni lile kabla ya siku yake, na kufikia Aprili dola ilikuwa inachezea 130. Hapo dola ilishuka kwa asilimia 19 hivi, shilingi ikapanda kwa 23. Utaniambia hayo ni ya wachumi, lugha inaingiaje? Piga hesabu: dola bilioni 2 kwa 160 ni shilingi bilioni 320, kwa 130 ni bilioni 260. Deni lile lile, tofauti ya bilioni 60. Msomaji aliyeambiwa "shilingi yashuka hadi 130" angelia siku ya sherehe. Na mkulima ambaye chai yake iliuzwa kwa dola, ambaye siku hiyo ndiye aliyepaswa kulia, angepiga vigelegele.

  

Kuna kosa ninalolisamehe, la kwenye vibao vya maduka ya kubadilishia fedha: "Kununua" na "Kuuza". Mteja mwenye dola mkononi anaangalia safu ya "Kuuza", maana yeye anauza, anaona namba nono, kisha anapewa ile ndogo. Kibao kinazungumza kwa mdomo wa mwenye duka: "Kununua" ni bei anayonunulia yeye. "Tunanunua" na "Tunauza" yangemaliza ugomvi kwa rangi kidogo tu, lakini sitagombana na mtu aliyelipia leseni.

Nenda Kariakoo usikilize wanaoagiza mzigo Guangzhou. Hawasemi shilingi imepanda wala imeshushwa. Wanauliza, "Dola leo shilingi ngapi?" Waandishi wetu nao waandike hivyo hivyo.