Mtoto anashika sura kisha anasahau

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Niko na kijana wa miaka 6, asubuhi anaenda shule, magaribi chuo cha Kurani. Amefika Suratul-Fil lakini ukimwambia arudilie Al-Kafirun anazunguka pale pale hatoki. Baba yake anasema ana kichwa nguvu, tumuongezee masaa. Halafu watu husema Kurani inafungua akili, mbona hesabu za shule bado zinamponyoka? Mama wa Kadutu, Bukavu.

JIBU: Aleikum salaam mama. Kichwa nguvu hana. Mu Al-Kafirun aya ya 3 na ya 5 zinafanana neno kwa neno, akifika pale ulimi haujui kama ni mbele ao nyuma, hata wakubwa wanapotea pale mu swala. Ahesabu na vidole: cha pili La a'budu, cha tatu Wala antum, cha ine Wala ana, cha tano Wala antum tena, basi mkono umeisha, anatoka na Lakum.

Masaa musiongeze. Kilichopungua ni murajaa, ni kusema kurudilia zile sura alizokwisha kushika. Mtume (s.a.w.) alisema, Bukhari na Muslim wamepokea, kwamba Kurani inaponyoka haraka kuliko ngamia mu kamba zake. Na Mjerumani Ebbinghaus, mwaka 1885, alijipima mwenyewe na silabi zisizo na maana akaona nyingi zinatoroka siku ile ya kwanza. Kwa hiyo sura mpya airudilie usiku kabla ya kulala, asubuhi tena, kisha baada ya siku mbili tatu, kisha juma lijalo, dakika 10 zinatosha, na akikwama usimrushie neno haraka, mungoje kidogo alitafute mwenyewe, kule kutafuta njo kunalikaza. Baba naye akiswalisha nyumbani asome hizo hizo fupi. Na mumuache alale, mtoto wa umri wake anahitaji masaa 9 mpaka 12, huyu wa shule na chuo mukimkesha na sura kesho yake ni kusinzia tu.

Hesabu sasa. Sitakudanganya mama, anazoea kukaa, kusikiliza na kurudilia, lakini tebo ya 7 haitaingia yenyewe juu anajua Al-Fil. Muirudilie vile vile, kwa sauti, kidogo kidogo. Fimbo hapana, akiogopa anasahau hata ile aliyoijua.

Usiku wa leo mumuelezee kwanza habari ya Abraha na jeshi lake la tembo lililokuja kubomoa Kaaba, halafu ndiyo asome Al-Fil.