Maswali ya Wasomaji: Mikanda na Vipochi vya Kamera Ndogo

Barua nne za safari hii zimetoka Lamu, na zote zinauliza namna ya kuichukua kamera ndogo pasipo kuipoteza majini wala kuivunja njiani. Tumezifupisha kidogo.

SWALI: Asalaam aleikum, ndugu mhariri. Mimi ni kijana ninayetembeza wageni mjini Lamu, Shela na kwenye magofu ya Takwa kule Manda. Nina kamera ndogo ya gramu 300 hivi, iliyokuja na kitanzi chembamba cha mkononi. Hivi karibuni mwenzangu aliiangusha yake baina ya boti na gati alipokuwa akiwashika wageni mkono wapande, ikazama mbele ya macho yetu. Je, ninunue mkanda mpana wa shingoni, au kitanzi nilicho nacho kinatosha? (Msomaji, Langoni)

JIBU: Waaleikum salaam, na mpe pole mwenzako. Upana wa mkanda si jambo la kwanza la kutazama. Mkanda mpana huizuia kamera nzito isimkate mtu shingo, na kamera ya gramu 300 haimkati mtu shingo. Kinachoamua kama kamera itabaki nawe ni pale mkanda unapoungana na mwili wa kamera, yaani kwenye kile kitundu cha chuma kilichoko ubavuni, kwa kuwa huko ndiko uzi unakosuguliwa kutwa nzima na ndiko unakokatikia, hata kama sehemu iliyobaki ya mkanda bado inang'aa kwa upya.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kamera imekuponyoka, ikashuka nusu mita, kisha ikazuiwa na mkanda usionyumbuka zaidi ya sentimita moja. Umbali wa kuanguka ni mara 50 ya umbali wa kusimama, na kwa hiyo mvuto unaoupata mkanda katika kufumba na kufumbua ni wastani wa mara 50 ya uzito wa kamera, ambao kwa kamera yako ni kama kilo 15. Uzi mzima uliosukwa vizuri hauoni taabu kwa mvuto huo. Uzi uliokwisha kulika nusu ni habari nyingine, na mwenye nao hajui mpaka siku hiyo.

Basi leo usiku kivue kitanzi chako kwenye kamera, ukiangalie chini ya taa mahali kilipokuwa kimekaa juu ya ukingo wa kitundu. Ukiona nyuzi zimesimama kama manyoya ya kifaranga, kibadilishe, usisubiri msimu uishe. Pitisha pia ncha ya kidole kwenye ukingo wenyewe wa kitundu, maana baadhi ya kamera hutoka kiwandani na ukingo mkali unaoukata uzi kidogo kidogo. Chumvi huongeza madhara: maji ya bahari yakikauka ndani ya uzi huacha chembe ngumu zinazousaga kutoka ndani kila unapopindika. Mkanda uliorushiwa maji na mawimbi uvue, uuloweke kwenye maji baridi ya kunywa, kisha uuanike kivulini, kwa kuwa jua kali nalo hudhoofisha nailoni. Ukiwa na hiari ya kuchagua uzi, poliesta hustahimili jua kuliko nailoni.

Mikanda mingine huunganishwa kwa pete ya chuma iliyojizungusha mara mbili, kama pete za funguo. Pete unayoweza kuipanua kwa ukucha bila kutumia nguvu haifai kubeba kitu cha thamani. Pete za bei nafuu zilizopakwa rangi ya fedha hushika kutu upesi katika hewa ya pwani, na kutu ikianza kwenye mpindo huwezi kuiona. Chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kimetiwa molibdeni ili kistahimili chumvi, ndicho kinachotumika kwenye vifaa vya boti, na wauzaji wa vifaa hivyo wanakijua. Weka kipande kidogo cha ngozi kati ya pete na kamera, la sivyo pete itauchora ubavu wote.

Sasa nirudi kwenye gati, maana hapo ndipo penye hatari yako hasa. Safari ya Takwa husubiri maji kujaa, lakini nyingine hazisubiri, na maji yakiwa yametoka boti hukaa chini sana, ngazi zina mwani, na wewe ndiye unayewashika wageni. Mkono unaomvuta mgeni hauwezi kuwa mkono uleule unaolinda kamera. Kitanzi cha mkononi wakati huo huifanya kamera ining'inie na kugonga ukingo wa boti, nao mkanda wa shingoni si bora zaidi, kwa sababu ukiinama kamera hutoka kifuani na kuyumba mbele yako, ikimgonga mgeni au kunasa kwenye kamba. Wakati wa kupanda na kushuka kamera iwe ndani ya kipochi kilichofungwa zipu, kipochi kivaliwe mshazari, mkanda wake ukiwa mfupi kiasi cha kukiweka juu ya mbavu, chini kidogo ya kwapa. Ukiinama hakitaondoka mahali pake. Zipu iwe ya meno ya plastiki, kwa kuwa ile ya chuma huganda kwa chumvi.

Ukiwa nchi kavu, kitanzi kinatosha, ila kiwe na kibano cha kukazia kwenye kifundo cha mkono. Kitanzi kisicho na kibano humvuka mtu anapofungua vidole. Kijaribu juu ya godoro: kivae, uteremshe mkono, ufungue vidole vyote, kisha uutikise mkono kwa nguvu. Kikivuka hapo, kitavuka na kwenye vichochoro pia.

Kama unataka kuhama kutoka kitanzi kwenda mkanda wa mshazari bila kufungua fundo kila mara, ziko klipu za kuchomoa. Zile za kampuni ya Peak Design hushikwa na uzi ambao ndani yake una rangi tofauti, rangi ambayo hujitokeza uzi ukilika, na mtengenezaji anasema kila moja huhimili zaidi ya kilo 90. Ninapendelea ubunifu huo kuliko vifungo vya sumaku, ambavyo nisingeviamini juu ya maji hata kidogo. Nao mkanda unaofungwa kwa skrubu kwenye tundu la stendi chini ya kamera uuepuke kwa kamera ndogo: skrubu yenyewe ni imara, yenye kipenyo cha robo inchi, lakini mtetemo wa injini ya boti huilegeza taratibu, na mara nyingi huziba mlango wa betri.

SWALI: Kaka mhariri, mimi hupiga picha kwenye sherehe za harusi za akina mama. Kamera yangu ni ndogo na huiweka kwenye pochi pamoja na vitu vingine. Mara mbili nimeitoa nikaikuta imejiwasha na lenzi imekwama. Pia wenyeji wengine huwa hawana raha wanapoiona kamera mkononi mwangu hata nisipopiga. Nitafute kipochi cha namna gani nitakachokivaa na buibui? (Msomaji, Mkomani)

JIBU: Dada, kukwama kwa lenzi kunatokana na kitufe cha kuwashia kubonyezwa ndani ya pochi. Lenzi hujaribu kutoka, ikakuta haina nafasi, na mota yake ikasukuma mpaka ikashindwa. Kipochi kinachobana mno huleta balaa hilohilo, na kwa hiyo usinunue kwa kukadiria kwa macho. Pima kamera lenzi ikiwa imerudi ndani, urefu, kimo na unene, ukihesabu na sehemu zinazochomoza, kisha utafute kipochi kinachoipokea bila kusukuma na bila kuiacha icheze. Njia ya hakika ni kwenda na kamera yenyewe kwa fundi cherehani. Akikushonea kipochi cha turubai chenye sponji nyembamba pande zote na kitambaa laini ndani, mwambie upande unaoelekea kitufe uwe na sponji nene kidogo iliyokatwa tundu pale kitufe kilipo, ili kisiguswe na kitu. Mshono wa mahali mkanda unapokutana na kipochi uwe wa mraba wenye msalaba katikati, wala usiwe mstari mmoja, kwani mstari mmoja ukianza kufumuka hufumuka wote.

Kuhusu buibui, mkanda uvaliwe mshazari juu ya nguo ya ndani, na buibui juu yake. Ukifika ndani na kuvua, kipochi tayari kiko mahali pake. Mkanda unaovaliwa juu ya buibui huteleza begani kila hatua.

Juu ya wenyeji wasio na raha, naona wana haki, na kipochi kinaweza kukusaidia zaidi ya maneno. Chagua chenye kifuniko kamili kinachoonekana kimefungwa, wala si kile cha nusu kinachofunika chini tu na kuiacha lenzi wazi. Kamera ikiwa ndani na kifuniko kimefungwa kwa kishikizo, kila mtu chumbani anaona kwamba hupigi. Epuka velkro, kwa sababu mlio wake huwageuza watu vichwa katikati ya nyimbo. Kitanzi kivae mkono usio na bangili, kioo cha nyuma kitadumu. Na kama mkono wako una hina mbichi, basi kamera ikae kipochini mpaka ikauke. Sina dawa ya hina kwenye vitufe.

SWALI: Mwanangu mhariri, mimi ni nahodha wa mashua. Wageni huja na mikanda yenye maboya ya kuelea, na sasa mwanangu anataka kuninunulia mmoja. Unafaa kitu? (Nahodha, Shela)

JIBU: Shikamoo, nahodha. Unafaa kwa kamera isiyoingia maji, na kwa nyingine haufai kitu. Boya huizuia kamera isizame, lakini haliizuii isilowe, na kamera ya kawaida iliyoelea kwenye maji ya chumvi kwa dakika moja huwa imekwisha. Kamera kama Olympus Tough TG-6, ambayo imetengenezwa kuhimili maji hadi kina cha mita 15, ndiyo inayostahili mkanda huo.

Maboya hayalingani. Kamera hiyo ina gramu 253, lakini ikiwa ndani ya maji hubebwa na uzito wa maji inayoyasukuma. Tuseme inasukuma gramu 200 za maji: boya linabaki na gramu 53 tu za kuinua, na sponji yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100 inaliweza hilo. Ukiiongezea kamera kifuniko cha lenzi au taa, hesabu inabadilika. Usiamini maandishi ya kwenye pakiti. Jaza ndoo maji ya bomba, ufunge kila kitu kama kitakavyokuwa baharini, uitie kamera polepole. Ikielea kwenye maji baridi itaelea na baharini, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Rangi iwe ya chungwa au manjano; boya jeusi kwenye mawimbi ya kusi wewe mwenyewe unajua kama utaliona.

Kwa kamera za kawaida za wageni wako, weka chomboni mfuko mmoja wa mpira usiopitisha maji, wa aina ya kukunja mdomo. Mdomo ukunjwe mara tatu au zaidi kabla ya kubana klipu, na uache hewa ndani, ndipo mfuko wenyewe uelee.

SWALI: Nimerithi kamera ya zamani ya filamu kutoka kwa babu yangu, pamoja na kipochi chake cha ngozi chenye mkanda. Ningependa kuitumia tena, lakini kipochi kina madoa meupe na harufu. Nifanye nini? (Msomaji, Lamu mjini)

JIBU: Madoa hayo ni kuvu. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuuhifadhi, na kuvu ikishaota kwenye kipochi lenzi ndiyo inayofuata, kwani nayo huota juu ya vioo na kuacha alama zisizofutika. Itoe kamera leo. Iweke kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vifurushi vya jeli ya silika, zile punje zinazobadilika rangi zikishiba unyevu, ambazo unaweza kuzikausha tena katika oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi. Mchele ambao watu hupenda kuutumia huacha vumbi, sikushauri. Kipochi kifute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, ukianike penye upepo, na kikikauka kaa nacho kama kumbukumbu ya babu, mbali na kamera.

Usiivae kamera kwa mkanda wa kipochi hicho. Vipochi vingi vya zamani vya namna hiyo vina mkanda ulioshonwa kwenye ngozi, na kamera yenyewe hushikwa na skrubu moja tu ya chini. Skrubu ikilegea, au uzi wa mshono ulioozeshwa na miaka ukaachia, kamera huanguka huku mkanda umebaki shingoni kwako. Tazama ubavuni mwa kamera kama kuna vitundu viwili. Vikiwepo, mpelekee fundi viatu akukatie mkanda mpya, aushone kwa uzi wa poliesta na kuupitisha kwenye vitundu hivyo moja kwa moja. Visipokuwepo, mkanda hauna pa kufungwa. Ichukue katika kipochi kipya cha turubai, na uitoe kwa mikono miwili unapotaka kupiga.