Bakteria mkubwa wa tope la Namibia

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba bakteria lazima awe mdogo, kwa kuwa virutubishi husambaa ndani ya seli polepole. Inakuwaje Thiomargarita namibiensis anaonekana bila hadubini? Na kwa nini vitone vyeupe vya seli zake vimetoweka kwenye sampuli tuliyohifadhi kwa spiriti?

JIBU: Mlifundishwa sawa. Bakteria huyu, aliyegunduliwa na Heide Schulz na wenzake mwaka 1997 kwenye mashapo ya bahari ya Namibia, kwa sehemu kubwa ni mtupu. Seli nyingi zina kipenyo cha milimita 0.1 hadi 0.3, na chache hufika 0.75, lakini takriban asilimia 98 ya ujazo wake ni vakuoli, yaani kifuko cha ndani ya seli, iliyojaa maji yenye naitreti. Saitoplazimu yenyewe ni utando mwembamba pembezoni, unene wa mikromita 0.5 hadi 2 tu. Basi virutubishi havina safari ndefu.

Vakuoli hiyo ndiyo akiba yake. Kwenye tope kuna haidrojeni salfaidi tele, ile gesi yenye harufu ya yai viza, ila hakuna oksijeni. Naitreti, anayoitumia badala ya oksijeni, iko kwenye maji ya juu. Jamaa yake Thioploca hupanda na kushuka kuifuata. Huyu hatembei, anangoja gesi au mawimbi yavuruge tope, ndipo ajaze naitreti hadi mara 10,000 ya ile iliyomo majini. Kisha huitumia kuoksidisha salfaidi, na salfa inayobaki hujikusanya kuwa chembe kwenye ule utando. Chembe hizo huakisi mwanga, ndiyo maana seli zilizojipanga ndani ya ute huonekana kama shanga nyeupe.

Hapo ndipo spiriti ilipowaharibia: salfa huyeyuka kwenye alkoholi. Seli zenu huenda bado zipo, ila hazina tena kinachong'aa. Pigeni picha seli zikiwa hai kwanza. Mkilazimika kuhifadhi, tumieni fomaldehaidi ya asilimia 2 iliyochanganywa kwa maji ya bahari, mkiwa na glavu na hewa ya kutosha.

Tope hai likae kwenye nyuzi 5 za Selsiasi, likifunikwa na maji ya bahari yenye chumvi ileile. Msilisuuze kwa maji ya bomba: maji hukimbilia ndani ya vakuoli na seli hupasuka. Chukueni seli kwa pipeti iliyokatwa ncha, tundu lisipungue milimita 2. Weka kwenye kisahani juu ya kitu cheusi, mulika kutoka ubavuni. Kioo cha kufunikia kiacheni, kitaziponda.

Chombo kifunguliwe penye upepo. Harufu ya yai viza ikikoma ghafla msidhani gesi imeisha. Salfaidi ikizidi, pua hufa ganzi.