Kwa wadogo zangu mnaoanza upasuaji wa mifupa ya punda

Wadogo zangu mnaokuja Lamu kwa atachimenti, na nyinyi mnaoanza masters mkiwa na hamu ya pleti na skrubu, vyuma vya kuunga mfupa, kuna kitu nataka mkishike kabla hamjashika drili. Eksirei ya siku ya operesheni inakwambia mfupa umekaa sawa, basi, haijakwambia punda amepona. Jibu liko wiki ya nane, ya kumi na mbili na kuendelea, punda yuko mtaa wa Langoni hapa Lamu ana sogi mgongoni, mchanga umejaa pande zote mbili, anakanyaga miguu minne sawasawa. Hapo ndo useme umetibu, na kama unafanya utafiti data yako iko hapo.

Hapa mjini njia ni nyembamba, gari haipiti, mawe, saruji, mchanga vikishushwa majahazini punda ndo wanavibeba. Kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ilifunguliwa hapa 1987 kwa hiyo wenye punda wamezoea daktari na watakuuliza maswali. Na nyinyi waulizeni kabla hamjaamua operesheni: huyu punda atalala wapi, nani atampa maji na majani, na nyumbani mtaishi vipi miezi mitatu bila kazi yake? Mimi majibu haya nayaandika kwenye fomu pamoja na umri na uzito, kwa sababu punda anayerudishwa kazini mapema atavunja kazi yako yote hata kama pleti uliiweka vizuri vipi.

Sasa punda akiletwa anachechemea anzeni chini, naomba sana, maana naona mkono wa mwanafunzi unakimbilia begani wakati shida nyingi ziko kwenye kwato. Mnyanyue mguu, safisha kwato mpaka uone nyayo yenyewe, weka nyuma ya mkono wako usikie joto, halafu tafuta mshipa pembeni ya kifundo na uulinganishe na mguu wa pili, ukiwa unapiga kwa nguvu upande mmoja hiyo ni dalili. Chukua koleo ya kupimia kwato ubane polepole kuanzia kisigino kimoja uzunguke mpaka cha pili, akivuta mguu usikimbilie kusema ni hapo, endelea kisha urudi palepale, akivuta tena ndo unakwangua. Ukiona mstari mweusi ufuate taratibu. Usaha wa kijivu ukitoka, punda aliyekuja ananing'iniza mguu ukaapa umevunjika anaweza kuukanyaga siku ileile.

Punda ni mvumilivu mno. Akisimama kimya hataki kula msiseme ametulia, huyo anaumwa, na punda asiyekula mafuta yake yanamwagika kwenye damu, ini linalemewa, anakufa na mguu uliounganishwa vizuri kabisa. Kwa hiyo daftari la kila siku liseme amekula nini na amebakisha nini. Na dozi za farasi msizinakili tu, fenilibutazoni ya maumivu na ketamini ya usingizi punda anazimaliza mwilini haraka kuliko farasi, ketamini ikiisha atazinduka mezani mkiwa bado mnashona.

Plasta ishike kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, kwato iwe ndani. Kila asubuhi pitisha kiganja juu yake yote: joto mahali pamoja, unyevu unaopenya, harufu, nzi wanarudi palepale, au jana alikanyaga na leo ananyanyua. Ukikuta lolote kati ya haya, fungua siku hiyo, hata kama ni Idi. Halafu angalia na mguu mzima wa upande wa pili, ule unaobeba mzigo wa miwili, kwato zake zinaweza kuharibika wakati macho yenu yote yako kwenye plasta.

Mikono mtaifundisha kwa mifupa ya ng'ombe na mbuzi kutoka machinjioni, hakuna haja ya mnyama hai kujifunzia kutoboa, na wanasayansi Russell na Burch walishalisema hilo tangu 1959 kuhusu wanyama wa majaribio: badilisha utumie kitu kingine, punguza idadi, boresha wasiumie. Kitu ninachorudia darasani mpaka wanafunzi wanachoka ni damu. Mtu anakwangua utando wa mfupa ili auone msafi, pleti ikae vizuri, picha ipendeze, kumbe ule utando ndo unaolisha pale panapotakiwa kuungana. Kundi la AO, la wapasuaji wa mifupa, lililoanza Uswisi 1958 liliweka kulinda damu kati ya kanuni zake nne, na mimi naona ndo inayosahaulika kuliko zote.

Kwenye utafiti, aliyepasua asimpe punda wake maksi za kuchechemea. Tumieni kipimo cha 0 mpaka 5, mkubaliane kila namba ina maana gani kabla ya punda wa kwanza, halafu mwenzenu asiyejua huyu alitibiwa vipi ndo amwangalie akitembea. Waliokufa waandikwe, waliopotea pia. Na wanapotea kweli, punda anauzwa, anapakiwa mashuani anakwenda visiwa vya Pate au Manda na wewe unamsubiri kliniki, kwa hiyo siku ya kwanza chukueni namba ya simu ya mwenyewe, ya jirani yake, na ya yule kijana anayemswaga kila siku, huyo wa mwisho ndo kawaida anajua punda yuko wapi.